Mpaka wa Kisu: Historia ya Kutibu Saratani ya Mlango wa Kizazi Huku Uzazi Ukilindwa

Kwa sehemu kubwa ya historia ya tiba ya kisasa, mwanamke aliyegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, yaani saratani ya ile sehemu nyembamba ya chini ya mji wa mimba inayotokeza ukeni, alikuwa na njia moja tu ya kuokoa maisha yake, nayo ilimtaka apoteze uwezo wa kuzaa. Madaktari hawakuichagua njia hiyo kwa kuupuuza uzazi. Waliichagua kwa sababu hawakujua ugonjwa umefika wapi. Saratani hii hukaa kwa miaka mingi katika utando wa juu wa mlango wa kizazi kabla haijapenya ndani, kisha huelekea pembeni, kwenye nyama zinazoushikilia mji wa mimba kwenye kuta za nyonga, na kwenye tezi za limfu, ambazo huchuja majimaji ya mwili na ambamo seli za saratani hunasa na kuanza kukua upya. Daktari asiyeweza kuiona safari hiyo hulazimika kukata hadi pale mkono wake unapoweza kufika, na ndivyo ilivyofanyika kwa takriban karne nzima. Kurudi nyuma kwa mpaka huo, hadi ikawezekana mwanamke mjamzito kutibiwa saratani hii huku mimba yake ikiendelea kukua, ni historia ya vipimo zaidi kuliko ilivyo historia ya visu, na kwa sababu hiyohiyo haijawafikia wanawake wote kwa usawa.

Dalili ya mapema kwamba ugonjwa huu unafungamana na maisha ya ndoa ilitoka Verona, Italia, ambako mwaka 1842 daktari Domenico Rigoni-Stern alichapisha uchunguzi wa rejesta za vifo za mji huo za kuanzia 1760 hadi 1839, akaonyesha kwamba saratani ya mji wa mimba ilikuwa adimu miongoni mwa watawa kuliko miongoni mwa wanawake walioolewa. Sababu yenyewe ilijulikana zaidi ya karne moja baadaye. Kwa wakati ule swali lililowashughulisha wapasuaji lilikuwa la mkono na kisu: mwaka 1878 Wilhelm Alexander Freund aliutoa mji wa mimba wenye saratani kwa kupasua tumbo, na tarehe 16 Novemba 1898, huko Vienna, Ernst Wertheim akafanya upasuaji mpana zaidi ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, ambapo aliondoa mji wa mimba pamoja na nyama za pembeni, sehemu ya juu ya uke na tezi za limfu zilizoonekana kuvimba. Wagonjwa wengi wa mwanzo walifia mezani au wodini, lakini Wertheim aliendelea kurekebisha mbinu, na mwaka 1911 alitoa kitabu chenye taarifa za wagonjwa 500. Katika mji huohuo Friedrich Schauta, ambaye Wertheim aliwahi kuwa msaidizi wake, alipitia ukeni badala ya tumboni, akidai kwamba njia hiyo huua wagonjwa wachache. Njia ya Wertheim ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ya Schauta haikuweza kuzifikia tezi za limfu. Hata hivyo, njia hiyo iliyoshindwa ndiyo itakayorejea miaka 80 baadaye na kuwa msingi wa kuokoa uzazi.

Mshindani wa kisu alikuwa radiamu, madini yanayotoa mionzi, yaliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka huohuo wa 1898. Katika miongo iliyofuata hospitali za Stockholm na Paris zilitengeneza taratibu za kuweka mirija midogo yenye radiamu ndani ya mlango wa kizazi kwa muda uliopimwa, na wanawake ambao wasingestahimili upasuaji walianza kupona. Kwa upande wa uzazi, hata hivyo, mionzi haikuwa na huruma kuliko kisu: iliua mayai katika ovari, ikakausha utando wa mji wa mimba, na kama mgonjwa alikuwa na mimba, kijusi hakikusalimika. Mwaka 1929, huko Marekani, Douglas Murphy na Leopold Goldstein walikusanya taarifa za watoto ambao mama zao walipigwa mionzi ya nyonga wakiwa wajawazito, wakaonyesha kwamba baadhi yao walizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi na akili zisizokua. Tangu hapo mimba na mionzi ya nyonga vikahesabiwa kuwa vitu viwili visivyokaa pamoja.

Jinsi mpango huo wote ulivyomwangukia mwanamke mmoja inaonekana katika maisha ya Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi wa Baltimore, ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa seli zake kuliko kwa yale yaliyompata yeye mwenyewe. Mwaka 1950 alijifungua mtoto wake wa tano katika hospitali ya Johns Hopkins, na katika kumbukumbu za kujifungua kwake, wala za ziara yake ya baada ya kujifungua, hakuna aliyeandika kwamba mlango wake wa kizazi ulikuwa na kasoro. Mwishoni mwa Januari 1951 alirudi akilalamikia damu, na daktari Howard Jones akakuta uvimbe. Aliwekewa mirija ya radiamu, kisha akapigwa mionzi kutoka nje, na akiwa chini ya ganzi kipande cha uvimbe kilichukuliwa bila yeye kuulizwa, kikawa chanzo cha seli zinazoitwa HeLa ambazo zimeendelea kukuzwa maabara hadi leo. Lakini kuna mstari mwingine katika faili lake unaostahili kusomwa kwa uzito uleule: iliandikwa kwamba alipoelezwa kuwa hataweza kuzaa tena, alisema kama angeambiwa mapema asingekubali tiba ile. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31. Pengine kukataa kwake kungemharakishia kifo. Hilo halibadilishi ukweli kwamba jambo alilolithamini kiasi hicho halikuingia kwenye mazungumzo kabla ya matibabu, kwa kuwa kwa waliomtibu halikuwa sehemu ya hesabu. Daktari yuleyule, Howard Jones, pamoja na mkewe Georgeanna, ndiye aliyekuja kuongoza kazi iliyomleta duniani mtoto wa kwanza wa Marekani aliyetungwa nje ya mwili, mwaka 1981.

Kama mgonjwa alikuwa mjamzito, jambo lilikuwa zito zaidi, na halikubaki mikononi mwa madaktari peke yao. Katika miaka ya 1930 wanateolojia wa Kanisa Katoliki walijadiliana kama inaruhusiwa kuutoa mji wa mimba wenye saratani ukiwa na mtoto ndani, na hoja iliyopata nguvu ilikuwa kwamba inaruhusiwa, kwa kuwa kinachokusudiwa ni kuuondoa ugonjwa, na kifo cha mtoto, ingawa kinajulikana kwamba kitatokea, si lengo wala si njia ya kulifikia lengo. Novemba 1951 Papa Pius XII alitamka msimamo wa namna hiyo kuhusu upasuaji wa lazima kwa mama mjamzito. Hospitalini utaratibu ulikuwa rahisi zaidi kuutamka kuliko kuubeba: mimba ikiwa changa, mama alitibiwa mara moja na mimba ikapotea, ikiwa imekaribia miezi ya mtoto kuweza kuishi nje, ilisubiriwa kidogo, mtoto akatolewa kwa upasuaji, na matibabu yakafuata. Uamuzi ulitegemea kalenda, na mwanamke mwenyewe aliulizwa kwa nadra.

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria uzazi, yaani kwenye hadubini. Mwaka 1925 Hans Hinselmann wa Ujerumani aliunda kolposkopu, kifaa cha kukuza na kumulika mlango wa kizazi ili mabadiliko madogo yaonekane kwa macho. Historia ya kifaa hicho ina doa, kwa kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili daktari wa kambi ya Auschwitz, Eduard Wirths, alikitumia kuwafanyia wanawake wafungwa majaribio ya kuchunguza na kukata milango yao ya kizazi bila ridhaa yao. Mwaka 1927 Aurel Babeș wa Romania alieleza jinsi seli zilizokwanguliwa mlangoni mwa kizazi zinavyoweza kuonyesha saratani, na George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia New York, akalifikia jambo hilo kwa njia yake, akalikamilisha kwa makala ya 1941 na kitabu cha 1943 alichoandika pamoja na Herbert Traut. Kipimo chake kiliwezesha ugonjwa kukamatwa ukiwa bado haujapenya. Kisha mwaka 1947 Georg Mestwerdt alipendekeza kwamba saratani iliyopenya kwa milimita chache tu ihesabiwe kuwa kundi la peke yake, kwa sababu haikuwa na tabia ya kusambaa kama zile kubwa. Hapo kwa mara ya kwanza kina cha ugonjwa kikatajwa kwa kipimo cha rula, na kwa wanawake wa kundi hilo ikatosha kukata kipande chenye umbo la koni kutoka mlangoni, kukipasua maabara, na kuangalia kama kingo zake ni safi. Mji wa mimba ulibaki mahali pake.

Waliobaki bila jibu ni wale ambao uvimbe wao ulikuwa umeonekana kwa macho lakini bado mdogo. Wa kwanza kuwafikiria kwa kina alikuwa Eugen Aburel, daktari wa uzazi wa Romania, ambaye mwaka 1931 alikuwa tayari ameeleza njia ya kuondoa uchungu wa uzazi kwa kupitisha dawa mfululizo karibu na uti wa mgongo. Katikati ya miaka ya 1950 Aburel alieleza upasuaji wa tumbo ambao uliondoa mlango wa kizazi, nyama za pembeni na sehemu ya juu ya uke, ukaiacha sehemu ya juu ya mji wa mimba na kuishona kwenye uke. Wazo lilikuwa sahihi, lakini hakuna mimba iliyofanikiwa iliyoripotiwa, na upasuaji huo ukasahaulika kwa miaka 30. Kilichokosekana, kwa maoni ya mwandishi wa kurasa hizi, hakikuwa ujasiri. Kilikuwa ni namna ya kuzichunguza tezi za limfu kabla ya kuamua, na namna ya kuifunga chini nyumba iliyobaki bila mlango.

Namna ya pili ilikuwa ikitayarishwa wakati huohuo huko Bombay, ambako Vithalrao Shirodkar aliwahudumia wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara kwa sababu mlango wao wa kizazi ulilegea na kufunguka kabla ya wakati. Mwaka 1955 alieleza jinsi ya kuuzungushia ukanda wa utando uliotolewa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe na kuukaza, na miaka miwili baadaye Ian McDonald wa Melbourne akaonyesha njia rahisi zaidi ya kutumia uzi. Shirodkar hakuwa akitibu saratani, lakini bila fundo lake mimba isingeweza kukaa katika mji wa mimba uliokatwa mlango.

Vipande hivyo viliunganishwa Lyon, Ufaransa, na Daniel Dargent, mpasuaji aliyeipenda njia ya Schauta wakati wenzake wengi walikuwa wameiacha. Mnamo 1986 Dargent alianza kuzitoa tezi za limfu za nyonga kwa kutumia laparoskopu, yaani bomba jembamba lenye taa linalopitishwa kwenye tundu dogo la tumbo, na hivyo dosari iliyoiangusha njia ya Schauta ikapata dawa. Mwaka uliofuata alianza kufanya upasuaji alioupa jina la trakelektomi, likiwa na maana ya kuukata mlango wa kizazi, na matokeo akayatangaza mwaka 1994. Mpangilio wake unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa kila hatua ina sababu yake. Kwanza tezi hutolewa na kuchunguzwa, na zikikutwa na saratani upasuaji wa kuokoa uzazi huachwa. Kisha mpasuaji, akipitia ukeni, hukata pete ya uke inayouzunguka mlango wa kizazi na kuikunja kama kifuniko ili seli za uvimbe zisimwagike; huisukuma juu kibofu cha mkojo; huutafuta kwa kidole mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, ambao hupita karibu sana na mahali pa kukatwa na ambao ukijeruhiwa humwachia mwanamke tatizo la mkojo la muda mrefu; hufunga tawi la chini la ateri ya mji wa mimba huku akiliacha shina lake; ndipo hukata mlango sentimita moja hivi chini ya shingo ya mji wa mimba. Kingo za juu za kipande hicho hugandishwa na kusomwa papo hapo maabara, na zikiwa safi, uzi wa kudumu huzungushwa kwenye shingo hiyo na uke hushonwa upya. Mwanamke aliyefanyiwa hivyo huona hedhi kama kawaida, na akishika mimba hujifungua kwa upasuaji, kwa sababu ule uzi haufunguliwi.

Wenzake walipokea habari hizo kwa mashaka, na mashaka hayo yalikuwa ya haki, maana kosa katika saratani hulipwa kwa maisha ya mtu mwingine. Yaliyowaondolea shaka ni matokeo ya vituo vingine, hasa Quebec, ambako Michel Roy na Marie Plante walianza mwaka 1991, Toronto kwa Allan Covens, na London kwa John Shepherd. Takwimu walizochapisha Plante na wenzake mwaka 2011 zinaonyesha sura zote mbili za jambo hili: kati ya wanawake 125, 58 walishika mimba, na mimba zote zilikuwa 106, takriban robo tatu zilifika miezi mitatu ya mwisho, na nyingi kati ya hizo zilitimiza muda. Zilizobaki ziliharibika au zilikatishwa, na watoto njiti walikuwa wengi kuliko kawaida. Kuhusu ugonjwa, ilidhihirika kwamba uvimbe usiozidi sentimita 2 ukitibiwa hivyo haurudi mara nyingi kuliko ukitibiwa kwa kuutoa mji wote wa mimba, ila ukizidi hapo hatari hupanda. Sentimita 2 zikawa mpaka, na mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, likauweka mpaka huo ndani ya ngazi rasmi za ugonjwa.

Njia ya tumbo ya Aburel nayo ilifufuka. László Ungár wa Budapest na J. Richard Smith wa London, pamoja na wenzao, walionyesha kuanzia 1997 kwamba mji wa mimba unaweza kuishi hata ateri zake kuu mbili zikikatwa, ukitegemea damu inayoshuka kutoka upande wa ovari. Jambo hilo lilipingana na yale yaliyofundishwa vyuoni, na liliwapa nafasi wapasuaji wasio na mazoea ya kupitia ukeni, ambao ndio wengi. Ungár alithubutu hata kuufanya upasuaji huo kwa wajawazito wachache. Baadhi ya mimba zilitimia, nyingine zikapotea siku chache baada ya upasuaji.

Katika ujauzito, hata hivyo, hatua kubwa haikuletwa na upasuaji mkubwa. Ililetwa kwanza na subira. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 hospitali za Marekani zilianza kuripoti makundi madogo ya wanawake wenye uvimbe wa mwanzo walioamua, kwa hiari yao na wakifuatiliwa kwa karibu, kuahirisha tiba kwa wiki kadhaa hata miezi ili mtoto akomae, na wengi wao hawakuonekana kupata hasara kwa kuchelewa huko. Subira hiyo ilipata maana kwa sababu ya kazi ya watu wengine kabisa: Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walikuwa wameonyesha mwaka 1972 kwamba sindano za homoni anazochomwa mama huharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto, na hivyo umri ambao mtoto njiti aweza kuokoka ukashuka. Kila wiki iliyopungua kwenye umri huo ilikuwa wiki iliyopungua kwenye kusubiri kwa mama.

Lakini wapo ambao hawawezi kusubiri, na kwa hao jibu lilitoka mahali palipoogopwa mno. Tangu maafa ya thalidomide, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu hadi ilipoondolewa sokoni kuanzia 1961, kumpa mjamzito dawa yoyote kali kulionekana kuwa hatari isiyovumilika, na dawa za kemikali za saratani ndizo kali kuliko zote. Uzoefu uliokusanywa taratibu ulionyesha kwamba hatari haiko sawa katika miezi yote: katika miezi mitatu ya kwanza, viungo vinapoumbwa, dawa hizo huweza kuvuruga umbo la mtoto, ilhali baadaye kazi kubwa ya kijusi ni kukua. Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, aliunganisha hospitali za nchi nyingi katika mtandao unaofuatilia akina mama hao na watoto wao, na miongozo ya pamoja ya wataalamu ikatolewa mwaka 2009, ikafanyiwa marekebisho 2014 na 2019. Mwaka 2015 mtandao huo ulichapisha ulinganisho wa watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani za aina mbalimbali wakati wa ujauzito, wengi wakiwa wametibiwa kwa dawa za kemikali, na watoto 129 wa mama wasio na saratani. Ukuaji wa akili na utendaji wa moyo haukuonyesha tofauti ya maana. Kilichopunguza alama za watoto kilikuwa kuzaliwa mapema, na zaidi ya nusu ya watoto wa kundi la kwanza walizaliwa kabla ya wiki ya 37. Tokeo hilo liligeuza desturi iliyokuwapo, maana madaktari waliokuwa wakiharakisha kumtoa mtoto ili kumkinga na dawa waligundua kwamba haraka yao yenyewe ndiyo iliyomdhuru.

Kutokana na hayo, utaratibu uliopo leo hufuata mwendo unaoeleweka. Mjamzito mwenye uvimbe mdogo, akiwa chini ya wiki ya 22 hivi, anaweza kutolewa tezi za limfu ili ijulikane kama ugonjwa umetoka nje ya mlango wa kizazi. Tezi zikiwa safi, kipande cha mlango hukatwa au tiba huahirishwa hadi ajifungue. Uvimbe ukiwa mkubwa zaidi, hupewa dawa zenye asili ya madini ya platini kila baada ya wiki tatu, kuanzia mwezi wa nne, ili kuuzuia ugonjwa. Dozi ya mwisho hutolewa takriban wiki tatu kabla ya kuzaa, ili mtoto asizaliwe damu yake ikiwa imedhoofishwa na dawa. Trakelektomi kubwa ya aina ya Dargent au Ungár haipendekezwi tena kwa mjamzito, kwa sababu ya damu nyingi inayomwagika na mimba zinazopotea. Kuzaa kwa njia ya kawaida huepukwa palipo na uvimbe, kwani imewahi kutokea saratani ikaota kwenye kovu la njia iliyoongezwa wakati wa kujifungua, na mwaka 2021 madaktari wa Japani walieleza habari za watoto wawili wa kiume waliopata uvimbe wa mapafu wenye chembe za urithi za saratani ya mlango wa kizazi ya mama zao, ambazo inaaminika walizivuta pamoja na majimaji walipokuwa wakizaliwa.

Mwelekeo wa kupunguza umeendelea pia kwa wasio wajawazito. Utafiti uliotoka 2018, uliowahusisha wanawake 631, ulionya kwamba si kila kilicho kidogo ni salama: waliotolewa mji wa mimba kwa matundu madogo walirudiwa na ugonjwa mara nyingi kuliko waliopasuliwa tumbo, kwani baada ya miaka minne na nusu waliobaki bila ugonjwa walikuwa asilimia 86.0 dhidi ya 96.5. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa 2024 chini ya uongozi wa Marie Plante, kwa wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ulithibitisha kwamba kuutoa mji wa mimba bila kukata nyama za pembeni kunatosha, kwa kuwa ugonjwa ulirudi nyongani kwa asilimia 2.5 dhidi ya 2.2 katika miaka mitatu. Ikiwa nyama za pembeni hazina haja ya kukatwa, basi hata trakelektomi pana inaanza kuonekana kubwa kupita haja, na kwa wengi wa wanawake hao kipande chenye umbo la koni pamoja na uchunguzi wa tezi huenda ndicho kitakachobaki.

Historia hii inapofika Afrika Mashariki hubadilika mwendo, kwa sababu mnyororo wote ulioelezwa unategemea ugonjwa kupatikana mapema. Katika majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kando ya bahari, Dar es Salaam, ambayo tangu 1996 ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya wagonjwa, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umeshavuka mlango, ambapo tiba iliyobaki ni mionzi na dawa, na suala la uzazi limekwisha kuamuliwa na ucheleweshaji. Kwa wanawake wanaoishi na VVU hatari ya ugonjwa huu ni takriban mara sita. Palipo na mpango wa kupaka siki iliyozimuliwa na kutazama kama utando umegeuka kuwa mweupe, kisha kutibu papo hapo kwa baridi, kwa joto au kwa waya wa umeme, uzazi wa mwanamke huokolewa bila yeye hata kujua kwamba ulikuwa hatarini, na huo ndio utunzaji wa uzazi wenye faida kubwa zaidi, ingawa hauandikwi sana katika vitabu vya upasuaji. Trakelektomi huhitaji mtaalamu wa patholojia wa kusoma nyama iliyogandishwa wakati mgonjwa yuko mezani, na huduma hiyo haipatikani mbali na hospitali kubwa. Mjamzito anayetoka damu katika zahanati ya kijijini huambiwa mara nyingi kwamba ni mimba inayotishia kutoka, akaagizwa kupumzika, na mlango wa kizazi haumulikwi. Ilhali kuutazama kwa kifaa cha kufungulia uke na taa hakuhitaji hospitali ya rufaa.

Chanzo chenyewe sasa kinajulikana: Harald zur Hausen na wenzake wa Ujerumani walivitenga virusi vya papiloma aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka 1984, na aina hiyo ya pili wakaikuta pia ndani ya seli za HeLa. Chanjo ilianza kutumika 2006; Rwanda iliileta kwa wasichana wake mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Tanzania ilianza na wasichana wa miaka 14, kwa hiyo waliotangulia kuchanjwa ndio kwanza wameingia katika umri wa kushika mimba, na dada zao waliozaliwa mwaka mmoja tu kabla yao walipitwa. Mwanamke aliyezaliwa 2003 atafikisha miaka 45 mwaka 2048, na hadi hapo kliniki za wajawazito zitaendelea kuwapokea wanawake ambao kinga yao pekee ni kuchunguzwa kwa wakati.